Mnatuuzia mashine za kupumulia usingizini halafu hampokei simu. Wauza vifaa tiba, hii si biashara ya pasi!

Wakuu, habari za humu. Uzi ni mrefu, mwenye haraka apite. Jina la duka silitaji kwa sasa, ila wenyewe wakisoma watajijua.

Mimi ni dereva wa lori, njia yangu Dar–Tunduma, mara mojamoja napitiliza Lubumbashi. Nina apnia ya usingizi. Kwa wasioijua: ukilala koo linalegea, njia ya hewa inaziba, pumzi inasimama kwa sekunde kadhaa, ubongo unakushtua uvute hewa, kisha mchezo unaanza upya mpaka alfajiri. Aliyenigundua ni utingo wangu. Tulikuwa tumelala kwenye gari Makambako, asubuhi akaniambia, "Mzee, ukikoroma sina shida. Shida ni ukinyamaza."

Mchana nilikuwa nasinzia kwenye usukani. Mnaoujua mteremko wa Kitonga mnajua kusinzia pale kunaishia wapi. Nikaenda hospitali, nikalazwa usiku mmoja na nyaya kichwani na kifuani, majibu yakaja: pumzi inakatika au kupungua mara 38 kwa saa. Kuanzia 30 wanaiita kali. Daktari akaandika mashine ya CPAP, inayosukuma hewa ya kawaida kwa presha ili koo lisifunge. Siyo oksijeni wala gesi, majirani zangu wa Mbagala mnisikie. Mpaka hapo sina lawama na mtu.

Lawama zinaanzia dukani. Bima walisema kifaa hicho hakimo kwenye kitita changu, nikalipa mfukoni, milioni tatu na ushee, hela niliyokuwa nimeitenga kwa ajili ya kupaua nyumba. Kijana akaitoa kwenye boksi, akachomeka, akabonyeza, upepo ukatoka. "Inafanya kazi, mzee wangu." Mafunzo yameisha. Risiti hii, boksi hili, karibu tena.

Nikauliza, mbona maski ni moja tu? Akasema hizo zinaingia kila mtu. Sura zote za nchi hii, maski moja! Nimesoma kwamba Daktari Colin Sullivan wa Sydney, alipoanza kutibu watu kwa njia hii mwanzoni mwa miaka ya 1980, kila mgonjwa alitengenezewa maski kwa kipimo cha pua yake. Zaidi ya miaka 40 baadaye mimi nauziwa saizi ya kati kwa sababu ndiyo iliyobaki stoo. Upepo unavujia machoni, naamka macho mekundu, tajiri ananiangalia kwa jicho la "huyu kalewa". Nikapiga simu dukani, nikaambiwa nikaze mikanda. Nimekaza mpaka mfupa wa pua umechubuka, na kuvuja kukazidi. Baadaye nikaelezwa kwamba mpira wa maski unatakiwa ujae hewa kidogo ndipo ukae vizuri usoni, ukiubana sana unajikunja. Hilo halikuwa la kuniambia siku nalipa?

Sasa sikilizeni hili. Cheti cha daktari kilisema presha ianzie 8 isizidi 14. Mashine niliyopewa ilikuwa imeachwa vilevile ilivyotoka kiwandani, 4 mpaka 20. Mtu wa kilo 110 ukimwanzishia 4 anaona hewa haimtoshi, anavua maski kabla usingizi haujamchukua. Na usiku inapopanda kupita kiasi, unameza upepo, tumbo linajaa, asubuhi nzima unabeua mbele za watu. Nikawaeleza dukani. Jibu: "Utazoea tu, mzee." Nikawaeleza tena. "Wengi huwa hivyo mwanzoni." Nilipopiga tena, simu ikaita mpaka ikakata, na hadi leo hakuna anayepokea.

Aliyeniokoa ni nesi wa kliniki nilikolazwa. Alifungua menyu ya ndani ambayo mgonjwa haioni, akaweka namba za daktari, kazi ya dakika chache. Kisha akachomoa kadi. Jamani, hii mashine ina kadi! Inaandika umelala nayo saa ngapi, hewa imevuja kiasi gani, pumzi imekatika mara ngapi. Muda wote duka linaniambia "mzee huitumii ipasavyo", ushahidi ulikuwa umekaa ubavuni mwa mashine, na hakuna aliyewahi kuniambia upo.

Marekani, bima yao ya wazee, Medicare, inataka ionekane kwamba mgonjwa ametumia mashine angalau saa 4 kwa usiku, kwa asilimia 70 ya siku, ndani ya siku 30 mfululizo katika miezi mitatu ya mwanzo. Wapo wanaolalamika kwamba ni masharti ya kubana watu, na labda ni kweli. Lakini ili sharti hilo litekelezwe lazima kuwe na mtu anayesoma kadi. Hapa kwetu ukishatoka mlangoni hakuna anayejua kama mashine iko usoni au juu ya kabati.

Halafu kuna suala la maji. Mashine ina kitanki cha maji cha kulainisha hewa isikukaushe koo, na kitabu chake kinasema maji yaliyochemshwa mvuke ukakusanywa, yasiyo na chumvi. Nikauliza dukani nayapata wapi. "Weka maji ya betri." Nilibaki mdomo wazi. Dereva yeyote anajua sokoni kuna maji ya kuongezea na kuna maji makali, yaani asidi, na vidumu vyake vinakaa rafu moja. Muuza kifaa cha kupumulia anamtuma mgonjwa akanunue maji ya betri bila kumwambia yapi! Angemwambia bibi yangu kule Njombe, ingekuwaje?

Kwenye gari ndiko kuna kazi yenyewe. Niliwaambia tangu mwanzo kwamba mimi nyumbani ni mgeni, nalala nyuma ya viti kwenye kichwa cha lori. Wakaniuzia inveta, ile ya kugeuza umeme wa gari uwe kama wa nyumbani. Ile inveta ya bei chee umeme wake si safi, chaja ya mashine ikaanza kunguruma na kutoa harufu ya kuungua. Kuja kusoma chini ya mashine: volti 24. Lori langu lina volti 24! Huwezi kuchomeka hivihivi kwa sababu injini ikiwaka umeme unapanda mpaka 28, ila ipo adapta yake maalumu. Wao wanaijua, kwenye katalogi yao ipo. Walichokuwa nacho stoo ni inveta, basi nikauziwa inveta. Na waranti, wakasema, chaja haimo.

Baridi ya Mafinga nayo: mvuke unapoa ndani ya mpira unaoleta hewa kwenye maski, unageuka maji, saa nane usiku unamwagiwa usoni. Utingo alicheka mpaka akashuka garini. Dawa ni kupunguza joto la kitanki au kuuvisha mpira kitambaa, nimeipata kwa dereva Mzambia pale mpakani, ambaye hajalipwa hata shilingi na mtu.

Na mnaofikiria mitumba ya mtandaoni, ulizeni kwanza modeli na mwaka. Juni 2021 Philips walitangaza kurudisha mamilioni ya mashine zao za usingizi kwa kuwa sponji ya kupunguza kelele ilikuwa inamong'onyoka na mgonjwa angeweza kuvuta chembe zake. Mashine yangu si ya kampuni hiyo, lakini nilipomuuliza muuzaji wangu kuhusu jambo hilo akaniuliza, "Philips si wa pasi?"

Kinachoniuma zaidi ni kwamba usiku ambao maski inakaa sawa, nalala. Nalala kweli! Siku hiyo natoka Uyole mpaka Mikumi macho makavu, bila karanga wala kahawa. Kwa hiyo msije hapa kuniambia nitafune tangawizi, niache nyama, au nimeze mafuta ya nyonyo. Mashine inafanya kazi. Walioniuzia ndio hawajafanya yao.

Wadau naomba: nani anajua duka Dar au Mbeya lenye maski za pua saizi kubwa, unazopima kabla ya kulipa? Na kuna dereva humu anatumia adapta ya volti 24, aliipata wapi?

Nyie wa dukani, Jumatatu nashusha mzigo Ubungo. Saa nne niko kaunta na risiti, inveta yenu na cheti cha daktari. Utingo anakuja pia, na yeye anarekodi.