Naomba ushauri: shamba la mlau la mama, Rufiji, baada ya Bwawa la Mwalimu Nyerere

Mwana wa Utete: Wakubwa zangu, shikamooni. Mama yangu analima ekari tatu bondeni: mpunga wakati wa masika, kisha maji yakishuka hupanda mlau, yaani mahindi na kunde za kwenye tope lililoachwa na mto. Aprili 2024 mafuriko yalipanda hadi kwenye sakafu ya dungu analoamia ndege, na mpunga wote ukaenda. Msimu uliofuata maji hayakufika kabisa shambani kwake, akapanda mlau katika udongo mkavu. Wadogo zangu wanataka auze ahamie juu, naye amekataa katakata. Nimshauri nini?

Fundi Maji: Pole, ndugu. Bwawa lile la umeme la Mwalimu Nyerere, lenye uwezo wa kuhifadhi takribani mita za ujazo bilioni 32, lilianza kujazwa tarehe 22 Desemba 2022, na maji yanayozungusha mitambo yake tisa, kila mmoja wa megawati 235, hurudi mtoni hata wakati wa kiangazi. Kinachopungua ni yale mafuriko ya wastani yaliyokuwa yakilowesha mlau, pamoja na tope lenye rutuba, ambalo sasa sehemu kubwa hutuama nyuma ya ukuta. Mafuriko makubwa bado yapo, kwa kuwa bwawa likijaa masika yakiendelea, maji ya ziada lazima yaachiwe. Kwa hiyo mama asiutegemee mlau peke yake. Atafute pampu ndogo ya kumwagilia, na aulizie kibali cha kutumia maji katika Bodi ya Maji Bonde la Rufiji.

Mama Kunde: Kuuza msithubutu. Wazee wetu walihamishwa bondeni mwishoni mwa miaka ya 1960, na wengi waliendelea kushuka kulima, maana huko juu ni mchanga: mkorosho utakubali, mpunga hautakubali. Mwacheni alale juu, alime chini.

Mwana wa Utete: Ahsanteni. Pampu ya petroli itamla faida yote, na umeme wa bwawa unapelekwa Chalinze kwa njia ya kilovoti 400. Shambani kwake hakuna hata nguzo moja.

Fundi Maji: Basi anunue kwa kushirikiana na majirani watatu au wanne, wamwagilie mahindi na mboga tu, mpunga wauachie mvua. Na kuanzia Machi hadi Mei pampu isilale bondeni hata usiku mmoja.