Hivi mbadhirifu ni nani hasa?

Mkaanga dagaa: Wakuu habari za jioni, nipo Kirumba hapa Mwanza. Jana nimekaanga dagaa fungu moja tu kwenye mafuta karibu nusu lita, nilivyomaliza nikamwaga yote maana yalishakuwa meusi yananuka, shangazi akaniona akasema "wewe mtoto mbadhirifu". Mi najua hilo neno la kwenye taarifa ya habari, ubadhirifu wa fedha za umma, sijaiba kitu jamani!!

Babu Sato: Hahaha shangazi yuko sahihi bwana. Kubadhiri ni kutumia mali ovyo bila faida, kufuja kwa lugha nyepesi, wizi haumo humo. Ila wanasiasa wamelitumia sana hadi ukilisikia unawaza takukuru tu, wale wa kupambana na rushwa. Na hiyo nusu lita ungeichuja mapema ikapika mboga kesho.

Mama wa Igoma: Sisi nyumbani tunasema israfu. Ustadhi madrasa alitufundisha hata ukitawadha pembeni ya ziwa, maji yote yale mbele yako, usimwage ovyo. Kwa hiyo israfu ni kuzidisha hata kwenye kitu halali, kama kupika wali sufuria zima na mko wawili.

Babu Sato: Yote yametoka Kiarabu hayo, dada. Kufuja ndo letu la kila siku, "kafuja mshahara wote".

Mkaanga dagaa: Haya nimekubali. Ila nusu lita ilikuwa ya kwangu, shangazi hakuchangia hata mia 😂