1979: tukio gani liliitikisa dunia zaidi?

KIPANGA: Wakuu, kila mtu achague moja tu. Mimi Iran. Kiongozi wa dini Khomeini alitua Tehran Februari 1, siku kumi baadaye utawala wa mfalme wao, Shah, chali. Bei ya mafuta ikapaa, Novemba wanafunzi wakauteka ubalozi wa Marekani. Kuanguka kwa Idi Amin naweka pembeni, ile ilikuwa kesi ya majirani, Tanzania na Uganda.

MZALENDO: Kesi ya majirani? Wanajeshi wa Libya walioletwa kumkingia kifua Amin walikuwa majirani wa nani? Kampala imeanguka Machi unaniambia...

MPITA NJIA: Aprili 11, mkuu.

MZALENDO: Machi, Aprili, ilianguka haikuanguka?

NAHODHA: Kabla hamjashikana mashati, Desemba Wasovieti waliingia Afghanistan, wakatoka 1989. Hilo halipo kwenye orodha?

KIPANGA: Ilianguka, nani kakataa? Ila rais wa nchi hang'oi rais mwenzake. Julai, kikao cha OAU (Umoja wa Nchi Huru za Afrika) Monrovia, Nimeiry wa Sudan na Obasanjo wa Nigeria walimchana Nyerere laivu.

MZALENDO: Haya, na Amin alipoingiza jeshi Kagera 1978, OAU ilimchana nani? Halafu Nimeiry! Aliyepindua serikali 1969 ndiye alikuja kutufundisha heshima ya Ikulu. Obasanjo naye wakati huo magwanda ya jeshi alikuwa hajavua.

BINTI WA PWANI: Mnabishana kishabiki. Januari 1979 hiyo hiyo Vietnam ilimng'oa Pol Pot, mtawala wa Kambodia, jeshi la jirani vilevile. Umoja wa Mataifa ukafanyaje? Kiti cha Kambodia kikabaki kwa watu wa Pol Pot! China ikaivamia Vietnam Februari kuitia adabu. Nyerere alipona kwa sababu Amin hakuwa na mkubwa mwenye kura ya turufu wa kumlilia.

KIPANGA: Kwa hiyo Nyerere na Hanoi, yaani serikali ya Vietnam, ni kitu kimoja? Andika vizuri dada, watu wanasoma.

BINTI WA PWANI: Nimeandika vizuri, soma taratibu.

MZALENDO: Dada umenena, ila "alipona" futa. Hakuwa na kosa la kupona nalo.

KIPANGA: Kumtimua Kagera, haki yake. Kuiteka Mutukula pale mpakani, nayo nakupa. Kwenda hadi Kampala ndiyo nauliza, alitumwa na nani?

MZALENDO: Ungesimama Mutukula wewe, umwachie Amin ajipange upya na silaha za Gaddafi? Asante Mungu hukuwa jenerali.

NAHODHA: Naona Afghanistan imeshindwa kwa kukosa wapiga kelele.