Abdulaziz na mashairi ya Muyaka: nianzie wapi?

Ngara_Juu: Ndugu zangu, naandika tasnifu kuhusu mchango wa Prof. Mohamed H. Abdulaziz wa Chuo Kikuu cha Nairobi. Alichambua mashairi ya Muyaka, mshairi wa Mombasa wa karne ya 19. Mizani (idadi ya silabi) za Muyaka zinanikataa: mshororo mmoja napata 15, mwingine 17. Nakosea wapi?

Mwana_Mvita: Pole. Hesabu silabi zinazosikika. "Mtu" ni mizani mbili, m-tu. "Mbuzi" pia mbili, mbu-zi. Mshororo wa shairi una 16, nane kwa nane. Tena usisanifishe Kimvita, lahaja ya Mombasa! Ukigeuza "mato" kuwa "macho", kina cha -to kimekufa, na ubeti mzima umeharibika.

Kalamu254: Shika kitabu cha Abdulaziz kuhusu Muyaka cha 1979, cha Kenya Literature Bureau, na usiruke maelezo ya historia. Muyaka alitunga wakati Mombasa ya Wamazrui, ukoo uliotawala mji, ikivutana na Sayyid Said, sultani wa Oman na Zanzibar. Usipoijua siasa hiyo, mafumbo mengi hayafumbuki. Hapo ndipo ninapouona uzito wa Abdulaziz: shairi halitengani na mji wake.

Mwana_Mvita: Ongeza makala yake ya 1997 na Ken Osinde kuhusu Sheng. Wengi huiacha kwa kudhani haihusu fasihi. Isome, mwenzangu, sikio lake kwa lugha ya watu ni lile lile.