Naomba ushauri: mdogo wangu ana bonge la damu kichwani na bado anadungwa sindano za kuzuia damu isigande

BintiKisauni
Assalam aleikum. Mdogo wangu ana miaka 26, alijifungua kwa upasuaji. Siku ya tisa kichwa kikaanza. Hospitali ya kwanza wakampiga CT ya kawaida, ikatoka safi, wakasema basi ni ile sindano ya ganzi ya mgongo, wakampa panadoli. Lakini akilala ndipo kinazidi. Usiku kucha alikuwa ameketi, mgongo ukutani, mtoto mapajani. Siku ya 12 akaanguka kifafa. Shangazi akasema pepo, ubani ukachomwa. Mimi nikakimbilia tuktuk.

Hospitali ya pili wakampiga CT nyingine, ya kutiwa dawa ya rangi mshipani. Bonge la damu limeziba mshipa mkubwa unaotoa damu kichwani, na kando yake imevuja kidogo. Sasa anadungwa heparini tumboni asubuhi na jioni. Damu imevuja, halafu tunazuia isigande? Mumewe anataka ziachwe. Na je, anyonyeshe?

NesiWaZamu
Shemeji yako asiziguse hizo sindano! Hapa njia ya kutokea damu ndiyo iliyoziba. Mvua ya Mei ikishuka na mtaro umejaa taka, maji huingia hadi sebuleni. Utapiga deki mpaka lini? Heparini haiyeyushi lile bonge, inalizuia lisikue, mwili nao unafungua njia polepole. Ndiyo maana hutolewa hata damu ikiwa imevuja.

Kichwa cha sindano ya mgongo hutulia mtu akilala. Kinachozidi akilala au akikohoa ni kingine kabisa, na hili linaniuma kila nikisoma kisa kama chenu. Mzazi wa wiki chache ndiye hasa wa kushukiwa. CT ya kawaida huweza kutoka safi. Ugonjwa huu hutafutwa kwa CT au MRI inayoonyesha mishipa ya vena, ile inayotoa damu kichwani.

Anyonyeshe. Heparini haina shida, wala warfarini, vidonge vya kuzuia damu isigande. Wakitaka kumpa vile vidonge vipya vya kazi hiyohiyo, kama rivaroxaban au dabigatran, wakumbusheni kwamba ananyonyesha.

KuliWaKilindini
Shangazi msimgombeze. Asome dua zake, sindano ziendelee.

MamaWawiliLikoni
Pole dada. Mimi yalinipata 2019, nikiwa natumia vidonge vya kupanga uzazi. Nilimeza warfarini miezi sita, navuka feri kwenda kupimwa damu, INR, yaani kipimo cha jinsi damu inavyochelewa kuganda, ikae kati ya 2 na 3. Mchicha hupunguza nguvu ya warfarini, lakini sikuuacha, niliambiwa nile kiasi kilekile, nisishinde wiki bila kisha nikafakamia sufuria. Maumivu yakija asinunue diklofenaki wala aspirini dukani. Vidonge vya uzazi vyenye estrojeni navyo basi tena. Na asishike mimba akiwa kwenye warfarini, inadhuru mtoto. Akitaka mwingine baadaye, amwone daktari kabla.

Macho yake je? Mimi nilikuwa naona ukungu, kumbe presha ya kichwani inasukuma neva ya jicho. Likiwepo hilo, msingoje kliniki.

BintiKisauni
Ahsanteni sana. Tangu jana analalamika ukungu jicho la kushoto, sisi tukadhani ni usingizi. Nimeshamwambia daktari wa zamu, anamwona sasa hivi. Shemeji kasoma mpaka kwenye mtaro, akanyamaza, kisha akaniuliza sindano ya jioni ni saa ngapi.