Kabini tulivu kwa wazazi wetu kwenye meli ya kutoka Durban: tuchague ipi?

Furaha wa Himbi (Goma)

Wandugu, jinsi gani? Nauliza kwa yeyote aliyewahi kulala kwenye meli kubwa za utalii, zile za baharini. Boti zetu za usiku za Goma na Bukavu nazijua, sizo ninazouliza.

Wadogo zangu wanaishi Durban. Wamejichanga ili wawapeleke papa na mama safari ya siku chache: meli inatoka Durban, inapanda mpaka Msumbiji, inarudi. Papa amefundisha shule maisha yake yote na sijawahi kumwona akipumzika hata wiki moja. Kilichobaki ni kuchagua kabini. Ziko za ndani zisizo na dirisha, za dirisha, za baraza, na zile kubwa za bei ya kutisha. Wadogo zangu wanataka ya baraza, juu kabisa, karibu na bwawa na bufe, ili wazee wasitembee sana.

Mimi ninasita. Usingizi wa mama ni mwepesi mno: jirani akifunga mlango, yeye tayari yuko macho. Magoti yanamsumbua. Na zamani, kwenye boti ya Bukavu, upepo ulipochafua ziwa karibu na kisiwa cha Idjwi, alitapika mpaka kukapambazuka. Mama asipolala, papa naye halali, na pesa ya watoto itakuwa imeenda bure. Tuangalie nini?

Dada wa Katindo (Goma)

Hongereni kwa kuwakumbuka wazazi. Sisi tulikwenda safari kama hiyo na mume wangu, tukachukua ya baraza. Asubuhi unafungua mlango, unakaa na chai yako, bahari yote ni yako. Kwangu mimi baraza ndiyo safari yenyewe, wape wazee baraza. Kelele hatukusikia, ila sisi tunalala kama mawe.

Lingine: viza ya Afrika Kusini iwe ya kuingia zaidi ya mara moja, maana meli inatoka nchini na kurudi. Muulizie na habari ya viza ya Msumbiji mapema. Na kadi ya chanjo ya homa ya manjano wasiisahau, mtu anayetoka Congo ataulizwa.

Kijana wa Kadutu (Bukavu)

Yaya Furaha, salama? Nimefanya kazi ya kutunza vyumba kwenye meli za aina hiyo: kutandika vitanda, kubadilisha taulo, na kila asubuhi kusikiliza nani hakulala na kwa nini. Naomba msichukue kabini ya juu chini ya bwawa. Watu waliokuwa wakinilalamikia usingizi hawakuwa wale wa vyumba vya bei rahisi. Walikuwa ni wale waliolipa vizuri, wakawekwa chini ya sakafu ya bwawa. Usiku bwawa hufungwa, ndiyo, lakini alfajiri wafanyakazi huanza kuosha sakafu na kupanga viti vya kuotea jua, na viti vile huburutwa. Aliyelala chini anasikia kila mguu wa kiti ukipita juu ya kichwa chake. Chini ya bufe ni hivyo hivyo, mikokoteni ya sahani huanza kuzunguka jua halijatoka.

Kabla ya kutazama bei, fungua ramani za ghorofa, kampuni huziweka kwenye tovuti zao. Ukiipata kabini, tazama ghorofa ya juu yake na ya chini yake, mahali pale pale, kuna nini. Kinachotakiwa ni vyumba vya kulala juu, vyumba vya kulala chini, vyumba vya kulala kushoto na kulia. Ukikuta juu kuna jiko, ukumbi wa mazoezi au ukumbi wa dansi, iache. Ukikuta chini kuna ukumbi wa maonyesho, iache pia, kwa sababu besi ya muziki hupanda kwenye chuma na kuingia mpaka kitandani. Na pale ramani ilipoachwa peupe bila maandishi, usidhani ni patupu. Mara nyingi ni stoo yetu sisi wahudumu, au ni mlango wa ngazi za wafanyakazi, na mlango huo haupumziki.

Angalia pia alama ndogo kati ya kabini mbili zinazopakana, pengine mshale, pengine pembetatu. Maana yake kuna mlango unaoziunganisha kwa ajili ya familia. Ukuta wa kawaida huzuia sauti kiasi chake, ila mlango ule hauzuii kitu. Nilikuwa nikibadilisha shuka upande mmoja huku nasikia simu ya mgeni wa upande wa pili neno kwa neno, hata salamu kwa shangazi yake. Mama yako hataweza.

Kuhusu kutapika, tafuteni katikati ya meli kwa urefu wake, na ghorofa ya chini kadiri itakavyowezekana. Meli ikikutana na mawimbi, mbele na nyuma hupanda na kushuka kama ubao wa bembea ya watoto, na katikati panabaki karibu pale pale. Ikilala ubavu huu na ule, wa juu ndio wanaobebwa mbali zaidi. Meli hizi zina mapezi makubwa yanayotokezwa ubavuni chini ya maji ili kupunguza kuyumba, lakini yanasaidia huko kwa ubavu. Pua ikianza kupanda na kushuka, hayana msaada. Na pwani ile si ya kudharau. Mkondo wa Agulhas hushuka kando ya nchi kuelekea kusini-magharibi, basi upepo wa kusini-magharibi ukivuma kupingana nao, mawimbi husimama wima na kukaribiana. Baraza ya juu kabisa siku hiyo, mama hataitazama bahari, atatazama ndoo.

Vyumba vya mbele kabisa pia viacheni. Kule Pomene na Portuguese Island, vituo vya Msumbiji, meli haifungwi gatini, hushusha nanga na abiria hupelekwa ufukoni kwa vyombo vidogo. Mnyororo wa nanga ukiachiwa, wa mbele wote wako macho.

Kwa usingizi peke yake, kabini ninayoipenda ni ya ndani, katikati. Haina dirisha, haina upepo unaopiga mlango wa baraza, na giza lake ni giza kweli. Wageni waliokuja wamechoka maisha ndimo walimolala mpaka saa nne asubuhi. Watu huidharau kwa sababu ni ya bei ndogo, na mimi inaniuma, kwa sababu nimeona walivyokuwa wakitoka mle.

Kama meli ni ya MSC, kampuni ambayo imekuwa na msimu wake Durban: daraja lao la bei ya chini, Bella, kabini wanakupangia wao. Kuchagua mahali kunaanzia Fantastica, daraja linalofuata. Kwa mama huyu, pesa hiyo ya kuchagua mahali ilipwe kabla ya pesa ya baraza.

Papa Fundi (Goma, bandarini)

Binti yangu Furaha, mimi ni fundi wa mashine za boti ziwani. Nakuongezea habari ya mashine, na ya vyumba vya nyuma na vya mbele.

Kwenye boti zetu mashine iko chini ya miguu yako, kwa hiyo umezoea kelele kutoka sehemu moja. Meli nyingi za utalii za siku hizi haziko hivyo. Mashine zinazalisha umeme, na umeme ndio unaozungusha mota za pangaboi. Mashine zenyewe zinakalia mipira ili mtikisiko usiingie kwenye chuma cha meli, na ghorofa za katikati hutajua hata kama zinafanya kazi. Lakini pangaboi haikalii mpira. Kila panga likipita karibu na tako la meli, maji hugonga chuma, na wa nyuma chini wanasikia mtetemo: glasi ya maji juu ya meza inapiga mistari midogo midogo. Hilo halina dawa.

Halafu kuna pangaboi ndogo za kukatiza, ziko kwenye tundu linalopita pua ya meli ubavu kwa ubavu. Hutumika kuisukuma meli kando inapokaribia gati. Meli nyingi hufika bandarini asubuhi na mapema, sasa wa mbele chini huamshwa na ngurumo ile kabla ya kengele yoyote. Huyo kijana amesema katikati. Mimi nasema katikati.

Furaha wa Himbi (Goma)

Papa Fundi, aksanti sana. Kijana wa Kadutu, Mungu akubariki, nimekaa na ramani jana usiku mpaka umeme ukakatika. Kuna kitu sikusema: mama hawezi chumba kilichofungwa chenye giza. Tangu zamani, hata nyumbani pazia huachwa wazi kidogo. Kwa hiyo ya ndani haitawezekana.

Zimebaki mbili. Moja ni ya dirisha, ghorofa ya chini kabisa ya wageni, katikati, lakini juu yake kuna mapokezi na baa yenye piano. Nyingine ni ya baraza, ghorofa ya tisa, katikati, ina vyumba juu na chini, karibu kabisa na lifti. Hiyo ya pili ina ile alama ya mshale uliyosema. Tuchukue ya chini kwa sababu ya kutapika?

Kijana wa Kadutu (Bukavu)

Yaya, kama ni giza, basi ya ndani tuifute, usimlazimishe. Hofu ya chumba humwamsha mtu kuliko kiti cha bwawa.

Hiyo ya chini mimi singeichukua, japo kwa mawimbi ndiyo bora. Mapokezi ya meli hayafungwi, watu wanapita na viatu vigumu saa zote, na siku ya kushuka masanduku huburutwa hapo tangu asubuhi. Chukueni ghorofa ya tisa, lakini si kabini hiyo. Songeni kwenye korido ile ile, milango mitano au sita mbali na lifti, mpaka mpate isiyo na mshale. Watu wakisubiri lifti usiku wa manane wanacheka kama wako sokoni, lakini milango sita mbele sauti imekwisha, na hatua hizo magoti ya mama yatazimudu. Ya tisa iko juu kidogo kuliko nilivyotaka, ila ukiwa katikati inavumilika. Kuhusu dawa ya kichefuchefu amuulize daktari wake kabla ya kusafiri, hasa kama anameza dawa nyingine. Huwa inamezwa kabla ya bahari kuchafuka. Tumbo likishageuka huwa imechelewa.

Muulize pia anayewauzia kama bafu lina vishikio ukutani na kama kizingiti chake kiko juu. Vingine viko juu, na mzee akiamka usiku bila taa hujikwaa.

Wakiingia ndani, papa afungue kabati kwanza. Hanga tupu zikiachwa, meli ikiyumba kidogo tu zinagongana usiku kucha, tik, tik, tik, na mtu anazunguka chumba kizima akitafuta kelele inatoka wapi. Azikusanye pamoja, azifunge na taulo. Droo azisukume mpaka zishike. Ukuta au dari likilia kama kitanda cha zamani, asikae kimya, amwite mhudumu. Sisi tulikuwa tunapita na kidole kwenye maungio ya mbao, pale sauti inaponyamaza ukibonyeza ndipo penye tatizo, tunakunja kipande cha karatasi ngumu na kukisukuma ndani. Dakika chache, na mgeni analala.

Mlango wa baraza waufunge barabara usiku. Ukiachwa na uwazi kidogo, upepo hupiga mluzi, na kwenye meli nyingi hewa baridi ya chumba hujizima. Pazia ndilo waliache wazi kidogo, mama aone mwanga wa nje.

Na wadogo zako wa Durban waambie hivi: siku zikikaribia, kampuni inaweza kupiga simu kwamba imewapandisha daraja bure. Watu hufurahi na kukubali hapo hapo. Waombe kwanza namba ya hiyo kabini mpya, na ramani wawe nayo mkononi. Ikiwa iko chini ya bwawa, au nyuma kabisa, waseme wanataka kubaki na ile ya tisa. Ni vizuri zaidi waandikishe tangu siku ya kulipa kwamba hawataki kuhamishwa.

Furaha wa Himbi (Goma)

Nimepata moja upande wa kushoto, haina mshale, juu na chini ni vyumba. Mdogo wangu anailipia leo, na hilo la kutohamishwa nimemwambia aliandikishe hapo hapo. Kijana wa Kadutu, nikishapata picha ya bafu nitakutumia unitazamie kizingiti.