Kijana wangu wa kidato cha pili anaandika "ruxa" mpaka kwenye insha, nifanyeje?

Baba Wawili wa Tabata: Habarini wakuu. Kijana wangu wa kwanza yuko kidato cha pili, shule ya kutwa. Juzi kaja na daftari la Kiswahili, wamepewa kuandika barua kwa mkuu wa shule kuomba ruhusa ya kwenda msibani. Mstari wa kwanza: "Mwl naomba ruxa ya cku 2, 2mefiwa na babu." Peni nyekundu kila kona, karatasi kama ina surua. Kapata 4 kati ya 15, na mwisho wa mwaka ana upimaji wa taifa. Simu nilimnunulia mwenyewe, eti asomee. Nataka kumnyang'anya, mama yake anasema namwonea. Wenye uzoefu naombeni ushauri.

Mkongwe wa Gombo: Nyang'anya leo leo. Sisi tulisoma bila simu na tunaandika vizuri tu. Kizazi iki akuna kitu, ata salamu awajui kuandika.

Binti Temeke: @Mkongwe iki, akuna, ata, awajui. H zako kaziiba nani? 😂

Ticha Chaki: Mkuu pole. Nafundisha Kiswahili sekondari, nichangie kidogo. Hiyo "2mefiwa" siyo kutojua. Aliyeweka 2 pale kaisikia silabi "tu", kaichomoa, kaibadilisha. Asiyezijua silabi hauwezi mchezo huo. Tabia yenyewe ilianza enzi za meseji za herufi 160, ukizidisha unakatwa hela ya meseji ya pili, watu wakabana maneno. Ila x haibani chochote. "Xaxa" herufi nne, "sasa" herufi nne. Hiyo ni swaga tu.

Watafiti wa Chuo Kikuu cha Coventry, Uingereza, walipima watoto 88 wa miaka 10 hadi 12, matokeo yakatoka 2009: waliotumia vifupisho kwa wingi ndio walioelekea kusoma maneno vizuri zaidi. Hicho ni Kiingereza lakini, usikichukue kama msahafu.

Kinachoniumiza kichwa mimi wakati wa kusahihisha ni "kura" badala ya "kula", "amna" badala ya "hamna", "ana kuja" iliyokatwa vipande viwili. Hapo mtoto hajui kabisa kama kakosea, na mengi yanatoka mdomoni, simu imeyakuta. Halafu sekondari karibu masomo yote ni Kiingereza, Kiswahili kirefu anakiandika kwenye somo moja tu. Kwenye simu nako mistari miwili, zaidi ya hapo anarekodi sauti. Aya ataijulia wapi?

Mpe barua ileile aiandike upya, usimsahihishe. X na 2 zikitoka zenyewe, ni mazoea. Zitakazobaki ndizo za kukaa naye.

Fundi Kariakoo: Muwekee na kibodi ya Kiswahili. Yangu ilikuwa ya Kiingereza, nikiandika "hapa" inaleta "happy". Niliwahi kumwandikia mteja "njoo happy dukani".

Mama Pacha: Afadhali huyo anaandika mwenyewe. Wangu anaiagiza akili bandia, insha inakuja safi, ukimuuliza neno moja humo ndani anatoa macho. Swali kwako mkuu: wewe mwenyewe unamwandikiaje?

Baba Wawili wa Tabata: Mrejesho wakuu. Kaandika upya mezani, mimi nimekaa pembeni kimya. X zote zimetoka, 2 zimetoka, kaweka mpaka anwani. Zimebaki "tuta zika" na "alikuwa ana umwa". @Ticha asante sana, tumeanzia hapo. Simu nimemwachia, ila kila Jumapili ananiandikia ukurasa mmoja kwa mkono, mada achague mwenyewe. Ya kwanza kaandika mpira, Simba na Yanga, ukurasa na nusu.

@Mama Pacha umenikamata. Nimefungua meseji zangu kwake. Ya mwisho: "Uckose kupita dukani, chukua mkate 2 na maziwa." Kajibu: "Baba, mikate miwili au mkate tu?"